Mafuta ya bwati otomatiki hayapimwi asubuhi gari ikiwa baridi

Bwana Mhariri,

Jambo kwako na kwa wote munaotumika pamoja. Mi ni shofere hapa Lubumbashi, komini ya Kampemba, na gazeti yenu naisomaka kila mara Papa, njo mwenye gari ninayoendesha, akishamaliza kuisoma. Naandika juu ya ule ukurasa wa mashauri kwa mashofere, pale mulisema mwenye gari aamuke asubuhi, gari ingali baridi, mbele ya kuwasha, avute vijiti vyote, apime mafuta ya motere na mafuta ya bwati, na yenye inapunguka aongeze. Kwa motere mulisema kweli, sina neno. Lakini kwa bwati otomatiki, aa, hapana, hapo mulikosea, na ni kosa yenye bei, najua bei yake juu nilikuwa ndani mi mwenyewe, sikuhadisiwa na mutu.

Munisamehe kama Kiswahili yangu ni hii ya kwetu yenye kuchanganya na Kifaransa, mutatengeneza wenyewe. Nikisema bwati ni giaboksi, wale wa upande wa Dar watasikia. Nikisema motere ni injini. Kutosha kitu ni kukitoa, juu mara nyingi ni kwa sababu, ambreyaji ni klachi, bulo ni bolti, kapo ni boneti.

Gari yenyewe ni gari-nyumba, ile wazungu wanaita kampingikaa, ndani kuna vitanda, jiko ya gazi, frigo, choo, hata ka meza ka kukunja. Papa alitumika Gécamines miaka mingi, watoto wake wako Marekani, sasa baba alipoenda pansiyo wakasema mutu aliyechimba shaba maisha yake yote apumuzike, wakamutumia hii badala ya Prado kama watoto wa wengine. Ni Ford E-450 ya 2003, motere V10 ya lita 6.8, ya esansi (petroli), inakunywa sawa ng'ombe amefika ku mto. Ilishukia Dar es Salaam, ikapanda Tunduma, ikakata Zambia, na pale Kasumbalesa mutu wa duane (forodha) alifungua mulango, akaona masufuria na kitanda na mito juu yake, akauliza hii tuandike gari ao tuandike nyumba. Bwati yake inaitwa 4R100, otomatiki, vitesi 4. Ikijaa maji, gazi, vyakula na watu, inapita tani 6, hiyo uzito muiweke mu kichwa maana inarudi mbele.

Wakati wa mvua, tuseme kuanzia Novemba mpaka Aprili, hatuitoshe. Inalala chini ya bashi (turubai) mu lupango, ndani ya uwa wa nyumba. Wakati wa kiangazi njo Papa na Mama wanatembea, Kasenga kula samaki ya Luapula, Likasi kuona wajukuu, mara moja tulifika Kolwezi.

Sasa sikieni. Kiangazi iliyopita, siku mbili mbele ya kwenda Kasenga, mi nilikuwa ku matanga ya shangazi, Papa akaita kijana mmoja mekanisye wa karibu na nyumba, akamwambia apime yote asubuhi mapema, gari ingali baridi, vile tu mulivyoandika. Yule kijana akavuta kijiti ya bwati, motere imezimwa, gari imelala miezi sita. Mafuta imepanda imepita alama, mbali sana. Kijana akatikisa kichwa, akasema, «Papa, aba bantu ba Amerika balitia mingi, hii itapasula bwati.» Akaenda kutafuta sirenge kubwa na ka tiyo, akatosha lita mbili. Mafuta nzuri, nyekundu, inaangaza kama Vimto, akaimwaga mu bidoni na akaenda nayo (ile bidoni nayo sikuiona tena, lakini tuiache).

Nilipofika Papa akaniambia, kwa furaha, «Shofere, tulishapima mafuta yote.» Mi nikasema aksanti Papa. Siwezi kujifanya mutu wa akili hapa, ile siku hata mi sikujua. Maisha yangu yote nilikuwa na gari za vitesi ya mukono, Hiace ku njia ya Kasumbalesa, kisha lori, na bwati ya mukono inapimwa kwa kufungua bulo ya pembeni na kutia kidole, basi.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasenga ni karibu kilomita 200. Mwanzo yote sawa. Kisha tukaingia ku muchanga na ka mulima kidogo, si mulima wa kutisha, mulima ambayo Hiace yangu ya zamani ingeupanda na watu 18 na mbuzi juu. Nikakanyaga, motere ikalia woooo, mushale ya turu (mizunguko ya motere) ikapanda, na gari inatambaa. Nikaachilia, ikashika kwa nguvu, ikatupiga nyuma, kabati ya Mama ikafunguka sahani zikashuka. Nikakanyaga tena, ile ile. Mutu wa bwati ya mukono angesema ambreyaji imekwisha, na ndani ya otomatiki ziko ambreyaji kweli, ni visahani vidogo vingi vimepangwa pamoja, vinabanwa na nguvu ya mafuta. Mafuta ikipunguka pompi inavuta upepo, nguvu inakosa, visahani vinateleza, vikiteleza vinaungua. Njo ile harufu tuliyosikia, Mama alifikiri ni bukari (ugali) imeungua na hakuna aliyekuwa anapika.

Tukalala pale pale kijijini, uzuri wa gari-nyumba ni huo, ikikukatalia njiani unakuwa umeshafika nyumbani. Kesho tukarudi pole pole.

Mu muji tukaipeleka garaji moja, sitaitaja. Wao walikuwa wanajua kidogo zaidi, walijua motere inapaswa kuwa inawaka. Lakini ilikuwa saa moja ya asubuhi, Julai, munajua baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa saba asubuhi, mutu anavaa koti mbili. Wakawasha, wakavuta kijiti pale pale, ikaonyesha chini kabisa. Wakaongeza. Wakapima. Wakaongeza tena, mpaka alama ya juu yenyewe, ile alama ya MOTO, na gari haijatembea hata mita kumi. Lita karibu 4 ziliingia. Lita mbili tulizitosha wenyewe, sasa hizo zingine mbili zilikuwa za kitu gani?

Jibu tulilipata njia ya Likasi, saa nane, jua kali. Wale wa mataksi waliokuwa nyuma wakapiga klaksoni, wakatoa mikono mu dirisha, moshi mweupe unatoka chini ya gari. Nikasimama, nikaruka, kitu ya kwanza niliyofanya ni kwenda pembeni kufunga chupa ya gazi, kisha nikamushusha Mama, kisha njo nikalala chini kuangalia. Mafuta nyekundu ilikuwa inatoka ku ka tundu ka kupumulia ka bwati, inadondoka juu ya bomba ya moshi yenye kuwa moto sana. Haikuwaka. Bado naota ile siku.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja wa Katuba, muzee sasa, zamani alitumika ku magari makubwa ya mine yenye bwati za Allison. Alikuja, hakugusa kitu, aliuliza tu maswali: mulipima saa ngapi, motere ilikuwa inawaka, gari ilitoka wapi, mukono wa vitesi ulikuwa fasi gani. Tukajibu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema:

«Mwanangu, mafuta ya motere inapimwa paka ikilala. Hii ya bwati inapimwa ikiwa ku kazi. Kuko kintu banaita konvetisere, njo inasimama fasi ya ambreyaji kati ya motere na bwati, iko sawa kibuyu. Motere ikizunguka, kibuyu inajaa. Motere ikilala, mafuta ya kibuyu inashuka pole pole mu sufuria ya chini. Ikilala miezi sita, weye unafikiri inabakia ngapi kule juu? Yule mutoto aliona mafuta ya kibuyu mu sufuria, akasema ni mingi, akatosha. Alitosha damu ya mutu juu alimukuta amelala.»

Nikamuuliza na hawa wa garaji je, wao waliwasha. Akasema ndio waliwasha, lakini mafuta inavimba na moto, sawa maziwa juu ya mbabula. Ikiwa baridi iko chini ya alama na ni haki yake kuwa chini. Ukiijaza baridi mpaka alama ya moto, ikipata moto itaenda wapi? Itapanda mpaka kwenye vyuma vinavyozunguka, vitaipiga piga, itakuwa povu kama ya sabuni ya kufulia, na povu haina nguvu ya kubana kitu. Kwa hiyo, akasema, mafuta ikiwa nyingi sana ama ikiwa kidogo sana ugonjwa ni ule ule, bwati inateleza na inapata moto, tofauti ni kwamba ikiwa nyingi inatapika pia.

Mi hii maneno ilinishangaza, Bwana Mhariri. Bwati moja, mu mwezi mumoja, watu wawili waliipima, mumoja akasema mingi, mwingine akasema haitoshi, na kijiti ni kile kile.

Tulifungua bwati. Visahani viwili vitatu vya ambreyaji vilikuwa vyeusi. Watoto wa Papa walituma vipande kutoka Marekani, tulingoja miezi miwili, na yote pamoja, vipande, filtiri, mafuta lita 16 hivi na kazi ya fundi, ilikuwa dola 1,900 na kidogo. Papa hakusema neno, alienda tu kukaa ndani ya gari-nyumba pale mu lupango, akafungua redio.

Sasa nieleze vile fundi wa Katuba alinifundisha, na kisha nikaona kitabu ya gari yenyewe inasema vile vile, nilipopata mutu wa kunisomea Kingereza. Kwanza gari itembee. Kuwasha na kungoja dakika tano haitoshi, juu motere inapata moto haraka lakini bwati inachelewa. Kitabu inasema kama kilomita 30, na kwetu ni rahisi, kutoka mujini mpaka Kipushi ni kama hizo, kwa hiyo siku ya kupima tunaenda Kipushi, tunanunua mandazi, tunapima kule. Pili, fasi iwe sawa, isielekee mbele wala nyuma. Hapa gari-nyumba inatusaidia maana frigo yake ni ile ya gazi isiyopenda kulala upande, ikiinama haigandishi, basi Papa alibandika ka nivo ka maji pale jikoni kwa ajili ya frigo, ka kitone ka upepo kakikaa katikati najua frigo itafanya kazi na mi nitapima bwati vizuri. Tatu, motere inabaki inawaka, freni ya mukono imevutwa, muguu juu ya freni, unapitisha mukono wa vitesi pole pole, R ya kurudi nyuma, N ya bure, D ya kwenda, 2, 1, kila moja unangoja usikie imeshika, kisha unarudisha P, ile ya kuegesha. Hii ni kusudi mafuta ijaze njia zote ndani. Na huizimi! Kila mara naona mutu anazima kwa mazoea wakati anafungua kapo, halafu anavuta kijiti, basi kazi yote imekuwa bure.

Kijiti cha hii Ford ni ndefu sana, tiyo yake inapindika, na mafuta inajipaka pembeni ya tiyo, kwa hiyo ukivuta mara ya kwanza itakudanganya. Unafuta, unarudisha mpaka chini kabisa, unavuta, unaangalia pande mbili za kijiti, na kama upande mumoja inasema juu na mwingine inasema chini unaamini ile ya chini. Narudia mara tatu mpaka zinafanana. Na kitambaa kisiwe cha kutoa nyuzi, ile pamba ya garaji wanayofutia mikono ni adui, uzi mumoja ukiingia mu tundu ndogo za ndani bwati itaanza wazimu na hakuna atakayejua ni nini.

Ikiwa chini, unaongeza kidogo, robo lita, unapitisha vitesi tena, unapima tena. Kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi ni nusu lita tu ao karibu na hapo, si lita nzima kama ya motere. Watu wanakuwa na chupa ya lita mu mukono na wanaona aibu kuirudisha imebaki. Iacheni ibaki jamani.

Kuko kitu kingine ambayo hata mafundi wazuri wanasahau, mafuta ikipata moto kupita kiasi nayo inadanganya. Umepanda mulima na tani 6, ao umekaa mu ambuteyaji (foleni) ya mujini saa nane mu joto ya Oktoba, ao umevuta rimoki (tela), mafuta imevimba kuliko ile moto ya kawaida, ukipima saa hiyo itaonyesha iko sawa ao imezidi na kumbe inakosa. Hapo unazima, unangoja kama nusu saa, unawasha tena, unapitisha vitesi, unapima. Uzito njo unaleta hii matatizo ku gari-nyumba kuliko taksi, juu ukienda pole pole ku muchanga na mulima konvetisere haijifungi, inasukuma mafuta kwa mafuta, na ile kusukumana yote inakuwa moto. Ndiyo sababu siku hizi ku mulima nabonyeza ile kifungo ya O/D iliyo kwenye mukono wa vitesi, yenye kufungia vitesi ya nne, bwati iache kuhangaika kati ya vitesi ya tatu na ya nne.

Rangi pia, wakati kijiti iko mu mukono angalia. Nyekundu safi ni nzuri. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imechoka, na kuongeza haitasaidia. Nyeusi yenye vumbi ndani yake, hapo visahani vinakwisha. Ikiwa ya pinki yenye maziwa, kama yaurti ya watoto, usiwashe tena hata kuipeleka garaji, ivutwe, maana mafuta ya bwati mu gari nyingi inapita ndani ya radiatere kupozwa, na ukiona hivyo ukuta wa ndani umetoboka, maji imeingia mu bwati.

Nimesema Ford juu njo ninayoijua. Lakini wasomaji wenu wengi wana zingine, na hapa njo pale ukurasa wenu ungesaidia kweli kama ungesema kila gari na desturi yake. Toyota nyingi za zamani zenye kijiti ni kama yetu, motere inawaka, P, imepata moto, na kijiti kina alama mbili, ya baridi na ya moto, watu wanazichanganya. Honda ni kinyume, unaipasha moto, unazima, na unapima mbele ya dakika moja na nusu kwisha. Mitsubishi nyingi zinapimwa mu N. Zile gari za Dodge za zamani sana nazo N, juu mu P konvetisere haikuwa inajazwa. Malori na gari-nyumba kubwa zenye Allison ya vifungo hauhitaji hata kushuka, uko fasi ya sawa, N, unabonyeza mushale wa juu na wa chini pamoja, unangoja kama dakika mbili, inaandika yenyewe mu ka dirisha, kama ni sawa inasema oK, kama inakosa inasema LO na namba, ikizidi inasema HI.

Na kuko zile zisizokuwa na kijiti. Mwaka jana walipita Wabelgiji na Sprinter waliyoigeuza nyumba, wakaniomba niwapimie, nikafungua kapo, tiyo iko, kizibo iko na ka kifuli ka plastiki, ndani hamna kijiti. Mercedes wameifanya hivyo kusudi, kijiti kinabaki garaji, na wanapima kwa milimita kulingana na joto. Toyota za miaka ya karibuni zenye mafuta ya WS nazo vile, unafungua bulo chini ya sufuria motere inawaka na mafuta ikiwa na joto iliyoandikwa, mara nyingi karibu digri 40, yenye imezidi inatoka, na ikianza kudondoka pole pole tu basi iko sawa. Watu wanasema gari haina kijiti basi mafuta yake haiishi. Inaisha. Inavuja ku joini kama zingine zote.

Kisha maneno ya mafuta yenyewe. Nilienda sokoni kutafuta Mercon, njo mafuta ya bwati yetu, muuzaji akanipa chupa isiyojulikana, nikamwambia siyo hii, akanijibu, «Yaya, yote ni nyekundu, rangi ni moja.» Nyekundu ni rangi waliyotia ili ukiona matone chini ya gari usifikiri ni ya motere, haisemi kitu juu ya dawa iliyo ndani. Dexron ni ya General Motors, Mercon ya Ford, T-IV na WS za Toyota, kila moja inashika visahani kwa namna yake. Na wale wa taksi Ist na zingine ndogo waangalie sana, kuko zenye bwati ya kawaida na kuko zenye CVT, ile ya mukanda, na CVT ina mafuta yake peke yake, ukiitia ATF ya nyekundu, ile mafuta ya bwati otomatiki ya kawaida, umeiua. Fundi wa Katuba alinichekesha, alisema zamani kule Marekani mafuta ya bwati otomatiki ilitiwa mafuta ya nyangumi ndani yake, mpaka mwanzo wa miaka ya 1970 walipokataza kuwaua. Nilifikiri ananitania. Ni kweli. Papa aliposikia akasema basi sisi na samaki wetu wa Luapula tungetengeneza nini.

Yule kijana mekanisye simulaumu sana, alifanya vile kila mutu alimwambia, na sasa anakuja kila tukienda Kipushi, anakaa mbele anaangalia. Wale wa garaji ndio bado tunazungumza nao, wanasema bwati ilikuwa imeshakufa mbele ya kufika kwao.

Ombi langu ni dogo, Bwana Mhariri. Mu toleo ijayo, ukurasa ule ule, fasi ile ile, si chini kabisa mu kona karibu na matangazo ya matanga, muandike kwamba asubuhi gari ikiwa baridi ni kwa mafuta ya motere, na kwamba mwenye bwati otomatiki afungue kwanza kitabu ya gari yake, ao amuulize mutu aliye nayo, kuona inapimwa motere ikiwaka ao ikizimwa, P ao N, moto kiasi gani. Papa amekata ile makala yenu ya kwanza, ameibandika ku mulango wa frigo mu gari-nyumba, anasema ataitosha siku ile makala ya pili, ya kusahihisha, itakapotoka. Picha ya kijiti chetu chenye alama ninayo mu simu, mukiihitaji nitaituma.

Shofere wa gari-nyumba,
Kampemba, Lubumbashi